Mnururisho na Silikoni: Historia ya Kasoro na Majina Yake

Kata ya Kasulo iko wilayani Ngara, mkoani Kagera, kando ya barabara itokayo Lusahunga, wilayani Biharamulo, na kwenda hadi daraja la Rusumo mpakani mwa Rwanda. Wasomaji wetu wengi walilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza mwaka 1994, wakimbizi walipovuka Rusumo kwa makundi makubwa na kupiga kambi mahali paitwapo Benaco. Benaco si neno la Kihangaza wala la Kishubi. Ni jina la kampuni ya Kitaliani ya ujenzi wa barabara, lililobaki pale baada ya wajenzi kuondoka. Wenyeji walilipokea kama lilivyo, kwa kuwa linaishia na irabu na halisumbui ulimi, wala hapakuitishwa kikao cha istilahi.

Kuanzia Aprili 2007 hadi mwanzoni mwa 2024, kitu kingine cha Kitaliani kilipita katika anga ya wilaya hiyo mara 14 hivi kila siku, bila ya mtu kukiona. Hicho ni chombo AGILE, satelaiti ya kuchunguza mionzi ya gama itokayo katika nyota za mbali. Ilirushwa kutoka Sriharikota, nchini India, tarehe 23 Aprili 2007, ikazunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 540 hivi, na njia yake haikuiacha ikweta kwa zaidi ya nyuzi 2 na nusu. Ngara nayo iko nyuzi 2 na nusu hivi kusini ya ikweta. Satelaiti hiyo ilikwenda kutoka magharibi kwenda mashariki. Ikishapita Kagera, kwa muda usiofika dakika tatu huwa juu ya pwani ya Kenya, na huko kituo cha Malindi kiliyapokea yale iliyoyakusanya. Ndani yake mlikuwa na matabaka 12 ya vihisio vya silikoni, vyembamba kuliko nusu ya milimita, vya kufuata nyayo za chembe.

Njia hiyo ya ikweta haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Usumaku wa dunia huzinasa chembe nyingi zenye nguvu na kuzizungusha, na juu ya Atlantiki ya Kusini chembe hizo hushuka chini zaidi kuliko kwingineko. Satelaiti inayoambaa na ikweta katika kimo kifupi hugusa ukingo tu wa eneo hilo. Kwa hiyo hupigwa na chembe kidogo, na silikoni yake hudumu. AGILE ilifanya kazi zaidi sana ya muda uliokusudiwa, hata ikaanguka na kuteketea katika hewa Februari 2024. Katika makala haya tunakusudia kueleza silikoni hupatwa na nini inapopigwa na chembe, jambo hilo lilijulikanaje, na Kiswahili kina maneno gani ya kulitaja. Twaona kwamba neno moja, yaani "madhara ya mionzi", limebebeshwa mizigo mitatu au minne isiyofanana, na kwamba hasara ya jambo hili haiishii vitabuni.

Kwanza yafaa ikumbukwe kwamba katika fani hii Kiswahili hakikuanza kwa kuazima, bali kwa kuazimwa. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksi ya mbinguni ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi. Kwa heshima ya siku hiyo iliitwa Uhuru. Orodha ya nne ya nyota ilizozigundua ilichapishwa mwaka 1978, na tangu hapo wanajimu wa dunia nzima huandika herufi U pamoja na tarakimu 4 mbele ya majina ya nyota hizo. Wengi wao hawajui kwamba herufi hiyo ni kifupisho cha neno letu.

Lakini Uhuru haikuwa na vihisio vya silikoni. Vigunduzi vyake vilikuwa masanduku yaliyojaa gesi, na hapa ndipo historia yetu inapoingia katika kiini chake. Chembe ikipita katika gesi huzipokonya atomu elektroni zake. Waya zilizotiwa umeme huzikusanya elektroni hizo, na atomu zilizobaki hurudi katika hali yake. Hakuna atomu ya gesi yenye kiti chake cha kudumu, kwa hiyo haiwezi kupoteza kiti. Silikoni ni fuwele. Katika sentimita moja ya ujazo mna atomu zipatazo trilioni bilioni 50, na kila moja imeshikwa na jirani zake wanne mahali pake maalumu, kama fundo katika wavu. Kwa mpangilio huo twapendekeza neno kimia, ambalo kila mshona mitandio na kila mtazamaji wa mpira analijua. Chembe ikipita katika kimia hicho hufanya mambo mawili. La kwanza ni lile lile la gesi: hutoa elektroni, nayo ndiyo kazi inayotakiwa, maana bila elektroni hizo hakuna habari ya kupokea. La pili hutokea mara chache zaidi: chembe huipiga atomu yenyewe na kuing'oa. Kazi ya kwanza hugharimu elektronivolti 3.6 kwa kila elektroni. Ya pili huhitaji elektronivolti 25 hivi. Elektroni hurudishiwa, lakini atomu iliyong'olewa huenda isirudi.

Penye atomu iliyong'oka hubaki nafasi tupu. Neno lake tunalo tayari, nalo ni pengo, kama la jino. Atomu yenyewe hujibana mahali pasipo pake, katikati ya zilizokaa. Hiyo tuiite nini? Mtafsiri aweza kushawishika kuiita "mkimbizi", kwa kuwa lugha nyingi za kisayansi husema juu ya atomu "iliyohamishwa". Neno hili sisi hatulikubali. Mwalimu akilitamka katika darasa la Kasulo, ambako watoto walikaa na wakimbizi kijiji kimoja, atakuwa amewafundisha kwamba mkimbizi ni kasoro katika mpangilio wa watu. Istilahi haiwezi kujitenga na mahali itakaposemewa. "Mlowezi" nalo lina historia yake. Twapendekeza chomeko, neno kavu lisilo na uchungu kwa mtu yeyote. Basi kasoro ya kwanza katika silikoni ni pengo na chomeko lake, na jozi hiyo ilielezwa na mwanafizikia Yakov Frenkel mwaka 1926, kabla ya mtu yeyote kutengeneza kihisio cha silikoni.

Tukio lililowafanya watu waliogope pengo halikuhusu silikoni, bali kaboni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Eugene Wigner, aliyekuwa akisaidia kubuni tanuri za atomu za Marekani, alitabiri kwamba nyutroni zitazing'oa atomu za grafati, na kwamba grafati itavimba na kuweka akiba ya nishati katika kasoro zake. Ikawa hivyo. Njia ya kuiondoa akiba hiyo ilikuwa kuipasha grafati joto kwa makusudi, ili machomeko yarudi katika mapengo. Mnamo Oktoba 1957 zoezi la namna hiyo huko Windscale, Uingereza, liliponyoka mikononi mwa waendeshaji. Tanuri likashika moto na vumbi nururifu likaenea mashambani. Kwa hiyo tangu mwanzo tiba ya kasoro hizi ilikuwa na hatari zake.

Mwaka 1962 ukaja mfano wa namna nyingine. Tarehe 9 Julai Marekani ililipua bomu la nyuklia juu ya Bahari ya Pasifiki, kwenye kimo cha kilomita 400 hivi, na kesho yake ikarusha Telstar, satelaiti ya kupitishia picha za televisheni. Telstar ikapita kila siku katika wingu la elektroni lililoachwa na bomu hilo. Kufikia Novemba transista zake zilianza kukataa amri, na Februari 1963 ikanyamaza kabisa. Katika kisa hiki kilichodhurika si kimia cha ndani, bali ngozi: umeme ulijikusanya juu ya uso wa transista na usiondoke. Wataalamu hutenganisha mambo haya mawili, yaani kasoro za kimia na mrundiko wa umeme usoni, kwa sababu tiba zake ni mbalimbali. Mfasiri anayeyaita yote "madhara ya mionzi" amemwachia fundi kazi ya kukisia.

Mpaka hapo silikoni ilikuwa ikipigwa kwa bahati mbaya. Mwaka 1980 Josef Kemmer wa Munich alionyesha kwamba njia ile ile inayotumika kutengeneza sakiti za kielektroniki yaweza kutengeneza kihisio cha chembe kilicho safi na tulivu. Muda mfupi baadaye, katika jaribio NA11 kwenye kituo cha CERN karibu na Geneva, kipande cha silikoni cha milimita 24 kwa 36 kiligawanywa katika michirizi 1,200, kila mmoja mikromita 20 kutoka kwa mwenzake. Tangu siku hizo silikoni ikapelekwa kwa makusudi mahali penye mvua kubwa ya chembe kuliko mahali popote, yaani hatua chache tu kutoka zinapogongana protoni.

Kiasi cha mvua hiyo chahitaji kipimo, na kipimo chenyewe ni somo zuri kwa watunga istilahi. Protoni, nyutroni na payoni haziharibu kwa usawa. Wanafizikia wamekubaliana kugeuza hesabu zote kuwa nyutroni za megaelektronivolti 1, kama vile mwenye duka anavyopima mtama, maharage na mchele wote kwa kibaba kimoja ili ajue ghala limejaa kiasi gani. Vihisio vya ndani kabisa katika mashine kubwa ya CERN, iliyoanza kugonganisha protoni mwaka 2009, vilibuniwa vistahimili nyutroni za namna hiyo trilioni 1,000 kwa kila sentimita ya mraba. Katika mashine hiyo itakapoongezewa nguvu, jambo linalotarajiwa mwaka 2030, vya ndani zaidi vitakutana na mara 20 ya kiasi hicho.

Athari zake ni tatu. Mkondo wa umeme huvuja katika kihisio hata pasipo chembe, na uvujaji huo huongezeka sawasawa na idadi ya vipigo. Kisha fosforasi kidogo iliyotiwa ili silikoni iwe ya aina fulani huzidiwa na kasoro, mpaka silikoni hugeuka na kufuata tabia ya aina iliyo kinyume chake. Baada ya hapo volteji ya kuiendesha hupanda mwaka hadi mwaka, hata vifaa vya umeme vishindwe kuitoa. Tatu, elektroni zenye habari hunaswa njiani na mapengo, zisifike. Lugha hapa haina shida: kuvuja, kugeuka, kunaswa. Twashangaa kwamba baadhi ya tafsiri huyakwepa maneno haya ya nyumbani na kutafuta makubwa zaidi.

Shida iko katika tendo la joto. Kihisio kilichopigwa kikiachwa katika joto la chumba kwa siku kadhaa, machomeko na mapengo hutembea, mengine hukutana na kufutana, na hali hupata nafuu. Ndipo wengi wakasema kihisio "hupona". Lakini kikiachwa zaidi, kwa miezi, kasoro zilizobaki huungana zenyewe kwa zenyewe na kuzaa nyingine mbaya, na volteji hupanda kuliko ilivyokuwa mwanzo. Kwa sababu hiyo vihisio huwekwa chini ya nyuzi 0, hata katika miezi ambayo mashine imezimwa kwa matengenezo. Ubaridi una faida nyingine pia: joto likipanda kwa nyuzi 7 hivi, uvujaji hukaribia kuwa maradufu. Sasa tufikirie fundi aliyepewa kijitabu cha Kiswahili kisemacho, "acha kifaa kipone." Atakitoa katika baridi, na kwa utii wake atakuwa amekiharibu. Hatuna budi kulikataa neno kupona, zuri kama lilivyo.

Badala yake twapendekeza kutuliza kwa joto. Mkoa wa Kagera una haki ya kusikilizwa katika hili. Uchunguzi wa Peter Schmidt na Donald Avery, uliochapishwa mwaka 1978, ulionyesha kwamba wafua chuma wa sehemu za Buhaya walikuwa na tanuri za ustadi mkubwa tangu karne nyingi zilizopita. Mhunzi yeyote ajua kwamba moto mmoja hulainisha chuma na mwingine hukiharibu, na kwamba hitilafu kati yake ni muda na kiasi cha joto. Kutuliza hakuahidi uzima, kwa kuwa kilichotulizwa chaweza kuchafuka tena. Hatua ile ya pili ya miezi tungeiita mchafuko wa baadaye.

Juhudi za kuipunguza kasoro hiyo zilipewa ushirika maalumu wa watafiti kuanzia mwaka 1996, uliojulikana kwa nambari RD48. Hao waligundua kwamba silikoni iliyotiwa oksijeni nyingi huvumilia protoni na payoni vizuri zaidi, ijapokuwa kwa nyutroni haikuonyesha faida kubwa. Ushirika RD50 ulioanzishwa mwaka 2002 ukaendeleza kazi hiyo kwa silikoni nyembamba na kwa maumbo mapya ya vihisio.

Turudi kwa majina ya vitu vyenyewe, maana hapa kuna mitego miwili. Wengine huandika "sensa". Katika nchi ambayo sensa ya watu na makazi imefanyika mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, sentensi "sensa imeharibiwa na mionzi" yaweza kumtia wasiwasi mtumishi wa serikali pasipo sababu. Kihisio latosha. Mtego wa pili ni silikoni. Kiingereza hutenganisha kwa herufi moja tu elementi ya 14, iliyomo katika mchanga, na ile gundi ya mpira inayouzwa madukani kwa kuzibia madirisha. Sisi tukizitohoa zote mbili na kuzitia irabu mwishoni, hupata neno moja. Twashauri silikoni iwe ya elementi peke yake, na ile nyingine iitwe siku zote gundi ya silikoni au mpira wa silikoni.

Lililobaki ndilo zito. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ilijenga juu ya shina nuru maneno mnururisho na nururifu. Watu, magazeti na ofisi wameendelea kusema mionzi kwa yote. Sheria ya kinga dhidi ya mionzi ilipitishwa mwaka 1983, na mahali pake pakachukuliwa na Sheria ya Nguvu za Atomu ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Tangu ajali ya Chernobyl ya mwaka 1986 upimaji wa vyakula viingiavyo nchini umekuwa sehemu inayojulikana ya kazi hii. Malori ya vyakula hupita Kasulo kuelekea na kutoka Rusumo. Dereva akiambiwa kwamba shehena "ina mionzi", ameambiwa lipi kati ya haya: kwamba imepigwa mionzi ili isioze, kwamba imepakwa vumbi nururifu, au kwamba yenyewe hutoa mnururisho? Chakula kilichopitishwa mbele ya mionzi ya gama ya kuua vijidudu hakiwi nururifu kwa kupitishwa huko, kama vile nguo haiwi jua kwa kuanikwa. Chakula kilichoangukiwa na vumbi la Chernobyl kilikuwa hatari kweli.

Kihisio cha silikoni kinafaa sana kufundishia tofauti hizi, kwa kuwa hubeba zaidi ya moja kwa wakati mmoja na bado hazichanganyiki. Kimenururishwa, maana yake kimepigwa. Kina kasoro za kimia, na hizo hazimdhuru anayekishika. Kikipigwa na nyutroni hupata pia unururifu wake: baadhi ya atomu za silikoni hugeuka kuwa silikoni 31, ambayo nusu yake hugeuka kuwa fosforasi kwa muda wa saa 2 na dakika 37 hivi. Hilo la mwisho ndilo linalomhusu mwenye kukishika kwa mkono. Kwa hiyo tungependa nyaraka ziandike kunururishwa kwa kilichopigwa, unururifu kwa kinachotoa, na kuchafuliwa kwa kilichopakwa. Neno madhara liwekwe kwa viumbe hai, na kasoro kwa fuwele. Neno mionzi lenyewe hatuliondoi, wala hatuna uwezo huo.

Ng'ambo ya Rusumo jirani zetu husema imirasire kwa miali ya jua na kwa mionzi. Agosti 2016 Shule ya Afrika ya Fizikia ya Msingi ilifanyika Kigali, mwisho wa barabara hiyo hiyo ya Kasulo, ikawakusanya wanafunzi wa nchi nyingi za bara hili kujifunza, pamoja na mengine, vigunduzi vya chembe. Masomo hayakuwa ya Kiswahili. Walimu wa sekondari za Ngara na Biharamulo wanaofundisha fizikia kwa Kiingereza na kuieleza kwa Kiswahili wanaombwa wayajaribu maneno pengo, chomeko, kimia na kutuliza mbele ya wanafunzi wao, na watuandikie ni lipi lililokwama.